Paa Likivuja Mombasa: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Masika yakikaza mwezi wa Mei, watu wengi hukimbilia dukani kununua ndoo ya rangi ya kuzuia maji. Kwa paa la bati, hiyo mara nyingi ni pesa iliyokwenda pasipofaa. Bati la pwani huanza kuvuja penye misumari na penye maungio, na rangi, hata iwe ghali vipi, haikazi msumari uliolegea. Ndiyo maana vifaa vilivyo hapa chini vimepangwa kwa kufuata mahali maji yanapoingilia. Mteja anayejua mahali hapo hununua kidogo, na kazi yake hudumu.

Kabla hujatoa hata shilingi

Doa la darini mara nyingi halikai chini ya tundu. Maji yakishapenya huteremka na pao (mbao ya mlalo inayobeba bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) mpaka yakutane na msumari, kifundo cha mbao au maungio, ndipo yadondoke. Panda darini na tochi, utafute alama nyeusi ya maji kwenye mbao, uifuate kuelekea juu ya mteremko. Zima umeme wa chumba hicho ikiwa maji yanapita karibu na taa au nyaya.

Kama alama hazionekani, tumia mpira wa maji siku kavu. Mmoja akae juu, mwingine darini. Anza kumwagilia chini, ukingoni mwa paa, dakika kumi kila sehemu, halafu upande kidogo kidogo. Ukianzia juu utalowesha kila kitu na hutajua ni wapi palipopitisha.

Namna paa linavyovuja nayo inaeleza mengi. Likivuja pale tu mvua inapokuja na upepo wa kusi, shuku kofia ya paa (bati linalofunika kilele), maungio ya bati na bati, au pale bati linapokutana na ukuta. Likivuja kila mvua mahali palepale, kuna tundu. Na likidondosha jua likiwaka, usiguse paa bado: kagua tangi la maji lililo juu, boya lake, mabomba yake na mrija wa maji ya eyakondishena. Kwenye nyumba za slabu, yaani paa bapa la zege, hili hutokea mara nyingi, na watu huishia kuweka utando mpya wa kuzuia maji huku tangi linaendelea kufurika usiku.

Kagua pia gata, mfereji wa maji ulio ukingoni mwa paa. Kunguru wa Mombasa hujaza gata vijiti na mifupa, majani ya mwembe yakaongezea, maji yakarudi nyuma chini ya bati la ukingoni. Hapo dawa ni mkono wenye glavu tu.

Paa la bati: mpangilio wetu

Nafasi ya kwanza ni skrubu za bati zenye washa (pete ya chuma chini ya kichwa) na mpira. Ukiutazama msumari mbovu kwa karibu utaona pete ya kutu kuzunguka washa, na mpira, kama bado upo, umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari unavutwa juu kidogo kidogo, na hewa ya chumvi inakula kilichobaki. Kuupigilia tena hakusaidii, kwa sababu tundu la mbao limeshapanuka. Ung'oe, weka skrubu namba 14, yaani unene wa milimita 6.3, yenye urefu wa milimita 65, kwenye tundu lilelile. Kwa kuwa ni nene kuliko msumari, itauma mbao upya.

Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni kununua skrubu yenye ncha ya drili, ambayo ni ya pao la chuma, ukaitia kwenye mbao. Ya mbao ina ncha kali iliyochongwa mfereji. La pili ni kukaza kupita kiasi. Mpira unatakiwa ujitokeze kidogo tu pembeni mwa washa, na mgongo wa bati ukibonyea, umezidisha. La tatu ni skrubu za njano zinazong'aa, za kutengenezea makabati. Karibu na bahari hizo hushika kutu mapema sana. Chukua zilizopakwa zinki nzito au zile zenye rangi ya bati juu ya zinki. Skrubu ikizunguka bila kushika, mbao imeoza: hamia mgongo wa bati unaofuata juu ya pao hilohilo na tundu la zamani ulizibe kwa tepu. Usipige skrubu kwenye bonde la bati la mawimbi, maana ndimo maji yanamopita.

Nunua za kutosha safu nzima ya pao linalovuja, si tundu moja tu, na uongeze kumi kwa mia. Misumari ya safu moja ilipigwa siku moja, na uchakavu wake unakaribiana.

Nafasi ya pili: tepu ya kuzibia yenye karatasi ya alumini juu. Ziko za namna mbili, za lami na za butili, aina ya mpira unaonata. Kwa joto la hapa tunaweka ya butili mbele, kwa sababu gundi ya lami hulainika bati linapochemka na tepu huanza kuteleza. Ya lami inafaa penye kivuli au kama kazi ya kuvukia msimu. Upana wa sentimita 10 unatosha matundu. Kwa maungio na kona ya ukuta chukua 15 au 20.

Tepu nyingi zinazobanduka zilibandikwa juu ya chumvi. Utando wake hauonekani kwa macho lakini gundi haiushiki. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha kwa maji matamu ya bomba na si ya kisima chenye chumvi, acha pakauke kabisa, kisha pangusa kwa spiriti. Bandika asubuhi umande ukishakauka, kabla bati halijawa moto wa kuunguza. Kata kona za tepu ziwe mviringo ili zisiinuke, anza chini na kipande cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 5, kandamiza kwa rola ndogo ngumu. Tepu ipite ukingo wa tundu kwa sentimita 5 kila upande.

Nafasi ya tatu: gundi ya kuzibia inayouzwa ndani ya bomba la kukamulia. Poliurethani ndiyo bora kwa maungio yanayocheza, na inapakika rangi. Silikoni pia inafaa, ila soma bomba kwa makini. Ile inayonuka siki inapokauka ina asidi inayokula zinki, na juu ya bati inaanzisha kutu chini yake yenyewe. Omba silikoni ya nyutro, isiyo na harufu hiyo. Bomba la mililita 300 hutoa mstari wa karibu mita 8 ukiwa na upana na kina cha milimita 6. Gundi inafanya kazi ikiwa katikati ya bati mbili: legeza skrubu, inua bati, paka, kaza. Iliyopakwa juu ya ukingo hupasuliwa na jua.

Nafasi ya nne ni bati jipya, na tunaliweka hapa kwa gharama tu. Ukibonyeza kwa kidole bati likasagika, au matundu ya kutu yakawa mengi kwenye bati moja, vya juu vyote havifai. Badilisha bati zima. Namba ya geji ikipungua, bati linakuwa nene: geji 30 ni jembamba, 28 ni nene zaidi, na kwa nyumba za karibu na maji, kama Likoni, Nyali au Mji wa Kale, 28 au 26 inajilipa. Chagua lenye mchanganyiko wa alumini na zinki kuliko la zinki pekee. Linastahimili chumvi zaidi. Lakini bati hilo lisigusane na saruji mbichi wala chokaa, na maji yanayotoka kwenye bomba la shaba yasilidondokee. Nenda dukani na kipande cha bati la zamani, kwa sababu mawimbi yasipolingana halitalaliana. Jipya liingie chini ya bati la juu na lilalie la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Paa likiwa limelala sana, zidisha mpaka 20 au 30. Ubavuni lipande wimbi moja na nusu.

Mwisho kabisa ni rangi ya akriliki na lami ya kupaka. Akriliki ina faida yake pale bati lina vitundu vidogo vingi na bado ni gumu, mradi upake tabaka mbili na uweke wavu wa faibaglasi kati yake ikiwa bado mbichi. Lami ya kupaka iacheni. Juu ya bati la joto inakauka, inapasuka, inashikilia maji chini yake, na fundi atakayefuata hatapata mahali safi pa kubandika kitu.

Paa la slabu

Hapa mpangilio unageuka. La kwanza ni utando wa lami unaochomwa kwa moto wa gesi, unene wa milimita 4, wenye chembe za mawe juu kama hautafunikwa. Roli ni mita 1 kwa 10, lakini kwa kulaliana sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, hesabu kuwa linafunika karibu mita za mraba 8.9 tu. Slabu ipakwe primeri ya lami (tabaka la kwanza la kushikisha utando) kwanza, iwe kavu. Utando upande ukuta mfupi wa pembeni kwa sentimita 15 na ncha yake iingizwe ndani ya ukuta au ibanwe. Hapo ukutani, na kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, ndipo kazi mbaya hujulikana. Si kazi ya kujaribia nyumbani. Moto wa gesi juu ya paa lenye mbao karibu ni hatari.

La pili ni poliurethani ya kimiminika ya kupaka, ambayo inafaa slabu yenye kona na mabomba mengi. La tatu ni saruji ya kuzuia maji ya sehemu mbili, poda na kimiminika chake cheupe cha kuchanganyia, kama juu utaweka vigae au plasta. Akriliki inafuata, na tunaikubali pale tu maji hayatuami, kwa kuwa dimbwi la siku kadhaa huilainisha. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha kuondoa maji. Bila huo, rekebisha plasta kwanza.

Zege likiwa linamomonyoka na nondo zenye kutu zinaonekana kwa chini, usinunue chochote cha kupaka. Muite mhandisi. Na slabu ya hivyo usiijaze maji kwa majaribio: sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba.

Mapaa mengine

Kigae cha udongo kilichovunjika hubadilishwa, hakigandishwi. Weka akiba ya vigae kumi vya aina yako, kwa sababu vya zamani vina vipimo tofauti. Makuti yakivuja, mahali hapo pamechakaa au mteremko umelala: chomeka makuti mapya chini ya yale ya juu, na plastiki usiweke, inaozesha yaliyo chini yake. Mabati ya asbesto, ya kijivu na mazito, usiyatoboe, usiyasugue wala kuyakata, vumbi lake linaharibu mapafu. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Dukani, geuza kila bomba na kila ndoo utazame tarehe ya mwisho. Bomba la poliurethani likiwa gumu ukilibonyeza, limeshaganda ndani. Tepu ifunue kidogo. Gundi ikibaki kwenye karatasi ya kubandua, irudishe. Ukimaliza kazi, mwagilia kwa mpira wa maji mahali palepale kwa dakika kumi kabla hujamlipa fundi na kabla hujapaka dari rangi.