GitLab kwa miradi ya programu huria: panga leseni kwanza, kisha omba

Kamusi yetu ya simu tunaijenga watu watano kwa kujitolea, na bili ya seva ya majaribio ilikuwa inatumaliza. Ndipo nikaomba kuingia mpango wa programu huria wa GitLab, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi na kujaribu msimbo. Unapewa daraja la juu kabisa, Ultimate, bure, pamoja na dakika 50,000 kwa mwezi za kuendeshea majaribio ya msimbo. Kwetu ni nyingi mno!

Masharti nayaona ya haki: leseni iliyoidhinishwa na OSI (Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni za programu huria), mradi uwe wazi kwa umma, usitafute faida. Ushahidi ni picha za skrini. Nilipokuwa nazipiga ndipo nikaona ripo (hifadhi ya faili za mradi) yetu ya sauti za matamshi haina faili la LICENSE kabisa. Niliongeza usiku uleule. Kila mwaka unaomba upya, kwa hiyo andika tarehe kwenye kalenda.