Simu janja kwa malipo ya kila siku: tathmini kwa wanaokusudia kuichukua

Kwa kuwa mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha usharika wetu hapa Dar es Salaam, wanachama wengi wameniuliza kuhusu kampuni zinazotoa simu janja kwa mkopo unaolipwa kila siku. Nilichukua simu moja katika kampuni mojawapo kwa ajili ya kumbukumbu za kikundi, nikailipa hadi mwisho. Sitaji jina la kampuni hiyo, maana ninayoyasema yanahusu mfumo wenyewe kuliko jina lililoandikwa kwenye mwavuli wa wakala.

Huduma ina sifa zake. Usajili ulihitaji kitambulisho cha Taifa, namba za ndugu wawili na kianzio cha shilingi 60,000, nami niliondoka na simu mpya ndani ya boksi lake pamoja na dhamana ya mwaka mmoja. Malipo yakitumwa kwa njia ya simu husomwa mara moja. Betri inatosha kwa siku nzima, ingawa nafasi ya kuhifadhia picha ni ndogo.

Bei ndiyo inayotaka utulivu. Malipo ni shilingi 1,500 kila siku kwa siku 365, yaani 547,500, na ukijumlisha kianzio unafika 607,500. Simu ya aina hiyohiyo dukani Kariakoo iliuzwa 370,000 taslimu. Tofauti ya 237,500 ndiyo gharama ya kutosubiri, kwa sababu mtu aliyekuwa na kianzio hicho, akiweka akiba ya 1,500 ileile kila siku, angefikia bei ya taslimu katika muda wa takriban miezi saba.

Usipolipa, simu hujifunga na kubaki na namba ya malipo tu kwenye kioo. Hapa nilikumbuka habari ya mana katika Kutoka 16, ambako Mungu aliwapa Waisraeli chakula cha siku kwa siku, na siku ya sita akawapa cha siku mbili ili ya saba wapumzike. Deni hili nalo huja siku kwa siku, lakini halina siku ya sita: Jumapili linadai, siku ya msiba linadai, na mama lishe aliyelazwa na homa anadaiwa kama aliyeuza sufuria zote. Aombaye asubuhi apewe riziki ya leo anakuwa ameshaitolea ahadi sehemu ya riziki hiyo kabla haijafika mkononi.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni namna huduma inavyouzwa. Wakala hakuanza kwa kuniuliza nina kazi gani ya kufanya kwa simu. Aliitazama niliyokuwa nayo, akauliza, "Mama, bado unatumia hiyo?" Nimesikia mawakala wengine wakiuliza vivyo hivyo stendi na sokoni. Kwanza udharau ulichonacho, kisha ndipo uoneshwe kingine. Katika Hesabu 11 watu walionung'unika hawakuwa na njaa. Mana ilikuwapo kila siku, wakaisaga, wakaitwanga, wakaipika na kuifanya mikate, nayo ilikuwa tamu. Lakini walilia kwamba macho yao hayaoni kitu kingine ila mana tu, wakawakumbuka samaki waliokula Misri bure, na matango, na vitunguu saumu. Bure! Walikula samaki hao wakiwa watumwa. Tamaa iliwafutia gharama yote kwenye kumbukumbu, ikawaachia ladha peke yake, na hivyo ndivyo macho yanavyokiona kianzio kidogo yasiione hesabu ya mwaka mzima.

Sisemi kwamba simu janja ni dhambi. Dereva wa bodaboda anayepata wateja kwa programu, au dada anayeuza vitenge kwa picha za WhatsApp, anaweza kuipokea kama jembe alilopewa na Mungu, na kwao mkopo huu huenda ukajilipa. Wasiwasi wangu ni kwa mwenye simu nzima inayopiga na kupokea, ambaye kosa lake pekee ni kwamba si mpya. Tena mlango haufungwi ukimaliza deni: kabla sijafikisha malipo ya mwisho nilianza kupokea ujumbe wa kunihimiza nibadilishe simu hiyo kwa nyingine kubwa zaidi, yenye malipo makubwa zaidi, ilhali yangu haikuwa na hata ufa. Niliona uchungu kwa ajili ya vijana wetu wanaopokea ujumbe kama huo wakiwa bado hawajalipa kodi ya chumba.

Kwa hiyo naipa huduma yenyewe nyota tatu kati ya tano, na ninaipendekeza kwa mwenye kazi inayoidai tu. Wengine waje kikundini tupange akiba. Atakayeichukua amwombe wakala aandike jumla ya malipo yote kwenye karatasi kabla ya kutoa kianzio, na aulize kuhusu punguzo la kumaliza mapema. Mimi nililipata, lakini hakuna aliyelitaja hadi nilipouliza.