Kibanda umiza cha Mafinga: muvi ikiisha ndo shughuli inaanza

Kamwene wadau. Muda mrefu nataka kuandika kuhusu hili banda la kuonyesha mpira na muvi ila kila nikianza naona sitalitendea haki, sasa juzi Jumamosi tumetoka pale saa sita usiku, baridi inakata masikio, na bado tulikua tunabishana njiani mpaka tukaachana pale barabara kuu, nikasema hapana, hii lazima niiandike.

Kwa nje ni kibanda umiza kama vingine, mabati na mbao za paina, mlango wa bluu, kipo mtaa wa nyuma ya soko. Kiingilio mia tano siku za mpira, buku Jumamosi usiku. Na Jumamosi usiku ni muvi za kutisha tu, zile za damu na kukatwa viungo, sio za mizimu na milango inayojifunga yenyewe.

Mi ni opareta wa chensoo, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, huu mwaka wa tisa niko kwenye misitu ya huku Sao Hill, nikikosa kazi ya kuangusha miti nashika dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo, napasua mbao. Nalisema mapema kwasababu ndo linalonifanya nilipende hili banda. Kwingine kote nilikowahi kuangalia hizi muvi ukifungua tu mdomo useme jamani hii haiwezekani unaambiwa kaa kimya, ni muvi tu, umeshalipa we angalia. Hapa wanakuuliza umejuaje.

Hilo swali ni la mama mwenye banda. Muvi ikiisha anawasha taa, anazima sabufa, anasogeza jiko la mkaa karibu na mlango, af anasema "haya wanangu, nani kaona uongo?" Sheria ni moja tu, ukisema kitu hakiwezekani lazima useme umejuaje, na kama jibu lako ni kwamba uliona kwenye muvi nyingine basi unakaa chini. Umeona kwa macho, umefanya kwa mikono yako, umesoma, sawa, endelea. Yani hiyo sheria imefukuza wapiga kelele wote na waliobaki ni watu wenye vitu vya kusema: wapasua mbao, madereva wa malori waliolala Mafinga, fundi pikipiki mmoja mbishi sana, nesi mmoja ambaye akiwa hana zamu ya usiku hakosi, na mzee mmoja anachinja nguruwe miaka na miaka.

Juzi tuliwekewa The Texas Chain Saw Massacre, ile ya zamani kabisa ya 1974, sio za marudio. Mama aliiweka na sauti ya muvi yenyewe bila DJ wa kutafsiri, yule anayeongea juu ya muvi, na nitarudi kwenye hilo maana ndo lalamiko langu kubwa kwa siku zingine.

Ubishi ulianza na yale maandishi ya mwanzo yanayosema kisa ni cha kweli. Vijana wawili wakashikilia ni tukio lililotokea Texas. Dereva mmoja, mtu wa kusoma sana barabarani, akawaeleza taratibu kwamba mtu wa kweli aliyewapa wazo anaitwa Ed Gein, alikua Wisconsin na sio Texas, alikamatwa 1957, alikiri kuua wanawake wawili na alikua anafukua makaburi na kutengeneza vitu kwa ngozi za maiti. Chensoo hakutumia. Ikawa kimya kidogo, maana kwa kweli hiyo ya makaburi ilitutisha kuliko muvi.

Af mzee wa nguruwe akaomba nafasi. Mnakumbuka pale kijana wa kwanza anaingia ile nyumba anapigwa nyundo ya kichwa, anaanguka miguu inatupatupa? Fundi pikipiki alikua ameshasema wameigiza vibaya, mtu akipigwa hivyo anatulia tuli. Mzee akamwambia "mwanangu, hapo ndo hawajadanganya." Nguruwe akipigwa sawasawa utosini anaanguka hapohapo, hajui kitu tena, ila miguu itapiga na kupiga, na ukiwa mgeni wa kazi unadhani anaamka. Alivoelezea alikua anaonyesha kwa mkono wake wa kulia, vidole vinatetemeka vile vile kama ile miguu, na banda zima likamwangalia mkono. Hakuna muvi imewahi kunifanya nisikie baridi ya mgongo kama ule mkono wa mzee.

Zamu yangu ikafika kwenye chensoo na hapo nilikua nimejaa.

Kitu cha kwanza, chensoo ni nzito. Ile ya kuangushia miti ikiwa na mafuta inafika kilo saba nane, kukimbia nayo usiku porini imewaka huku umeshika resi ni kutafuta kifo chako mwenyewe, na sisi mtu akihama mti mmoja kwenda mwingine anaachia resi, klachi inaachia, cheni inasimama, af ndo unatembea. Kwenye muvi jamaa muuaji anakimbia nayo hivyohivyo. Watu wakasema ndo uongo wenyewe huo. Mi nikasema hapana, subirini, maana mwishoni ile kitu inamlipa. Dereva wa lori anasimama kumsaidia yule dada anayekimbizwa, wanaingia kwenye kichwa cha gari, jamaa anaanza kukata mlango kwa chensoo, wanatokea upande wa pili, dereva anamrushia bonge la spana (madereva wetu hapo walipiga mluzi), jamaa anaanguka na chensoo inamkata paja lake mwenyewe. Hiyo ndo sehemu ya kweli kuliko zote. Kila opareta ninayemfahamu ana alama mguuni au anajua mtu mwenye alama mguuni.

Fundi pikipiki akaniwekea mtego, akasema "braza, kama chensoo inaangusha mti, mbona mguu haukukatika na jamaa akainuka?" Swali zuri na nililipenda. Nikamwambia angalia alichokata kabla. Alikata bati la mlango. Cheni ya mbao ikigusa chuma hata msumari mmoja ndani ya gogo meno yanakufa hapohapo, inabidi ukae chini na tupa unoe jino moja moja, sasa yeye kakata mlango wa lori, ile cheni ilikua butu. Na nguo juu ya mguu nayo ni kitu kingine. Sijui kama walioitengeneza walifikiria hivo ila inakubali, na kwa mi ninaeishi na hiyo mashine ilinifanya niiamini muvi nzima.

Hapo mama akaniuliza, umejuaje mambo ya nguo. Nikawaeleza ya mwenzetu.

Ilikua mwezi wa saba, umande wa huku mnaujua, yeye alikua amefunga mifuko ya salfeti kwenye miguu yote miwili juu ya suruali ili asilowe. Chensoo ikampiga teke, ncha ya juu iligusa tawi, ikarudi chini kwenye goti. Mi nilikua hatua kama kumi. Nilichosikia sio kelele ya mtu, nilisikia injini imekata ghafla, na msitu ukawa kimya. Zile nyuzi za salfeti zilikua zimevutwa zikajisokota kwenye cheni mpaka pale inapozungukia, ikakwama, injini ikazima. Ndo kilichookoa mguu. Na damu haikuruka hata kidogo, jamani, kwenye muvi ingeruka mpaka kwenye kamera. Ilitoka taratibu kwa ndani, tulipomshika atembee gambuti ikawa inalia chwa, chwa, chwa, tukadhani ni maji. Tulipoivua tukajua. Mpaka leo nikiangalia muvi mtu anakatwa na damu inapiga ukuta wa mbele kama bomba limepasuka mi natoka kabisa kwenye stori, ila wakiniwekea sauti ya kiatu kimejaa damu nafunga macho.

Nesi akasema kuna siku inaruka kweli, mshipa mkubwa wa ateri ukikatwa damu inaruka kwa mapigo kwasababu moyo unasukuma, ila kadri mtu anavoishiwa inakua inafifia, na mtu mzima ana damu kama lita tano tu, akipoteza lita mbili hapo ni kufa na kupona. Kwahiyo zile muvi mtu anatoa ndoo tatu af anatoa hotuba ya mwisho hazina hesabu. Na maiti hairushi damu, moyo umesimama nani anaisukuma? Hiyo aliisema kwa hasira kabisa, na mi naikubali hasira yake.

Yeye pia ndo alimaliza ubishi wa wiki mbili nyuma. Tulikua tumewekewa Saw ya 2004, daktari anajikata mguu kwa msumeno wa chuma ili atoke kwenye mnyororo, na kundi zima likasema mtu hawezi kujikata mwenyewe, angezimia. Nesi akauliza mbona Aron Ralston kaweza? Huyo ni mtu wa kweli Marekani, 2003 kule Utah jiwe lilimbana mkono kwenye korongo, akakaa siku tano, na wakaja kumtengenezea muvi ya 127 Hours 2010. Kisu chake kidogo kilikua butu na hakikuweza mfupa hata kidogo, kwahiyo alijivunja mifupa yote miwili ya mkono kwanza kwa kutumia uzito wa mwili wake dhidi ya lile jiwe, af akakata nyama. Nesi akaeleza kwamba hata theata, chumba cha upasuaji, ni hivo, nyama inakatwa kwa kisu na mfupa ndo unapewa msumeno, msumeno wa meno madogo ukiupeleka kwenye nyama unachana tu na kujaa. Kwahiyo uongo wa ile ya msumeno sio ujasiri wa daktari, watu wanao huo ujasiri wakikaribia kufa, uongo ni kifaa. Mi nilikua upande wa wasioamini na nilibadilika palepale.

Ila nisiwe upande mmoja. Fundi pikipiki ana hoja yake na haiachi, anasema yeye kalipa buku atishike, hajaja kusoma baiolojia, na kama kila kitu kingekua kweli muvi ingeisha dakika ya kumi mana steringi aliyepigwa kichwani akazimia nusu saa haamki akaanza kukimbia, anapelekwa hospitali (nesi alitikisa kichwa kukubali). Namuelewa. Mi mwenyewe naruhusu mengi, naruhusu muuaji ajue kila njia, naruhusu simu ikose mtandao kila mara, sina shida. Ninachokataa ni kudanganywa kuhusu mwili, maana mwili ninao, na hofu yenyewe naipatia humohumo. Na ile ya 1974 ina damu kidogo sana ukiihesabu, ni mtu mmoja tu anayeuliwa kwa chensoo, na watu waliondoka wameshikana mikono. Zile tulizowekewa mwezi uliopita zenye matumbo nje kila dakika tano, nusu ya banda walikua wanachati.

Sasa mapungufu, maana yapo. DJ wa kutafsiri. Siku nyingi muvi inakuja imetafsiriwa na sina ubaya na tafsiri, wazee wengi pale hawasikii Kingereza, ila muvi ya kutisha inaishi kwenye ukimya, mtu anapanda ngazi taratibu unasikia tu mbao inalia, na hapo hapo DJ anaanza kupiga stori na kusalimia washkaji zake. Anaua kila kitu. Mama nimeshamwambia mara mbili na ndo sababu juzi tuliwekewa bila DJ, yeye mwenyewe akawa anawanong'oneza wazee sehemu muhimu tu, ilipendeza sana, aendelee hivo.

Mabenchi ni ubao mtupu bila egemeo, mgongo unalia. Umeme ukikatika jenereta lipo ila linakaa karibu na ukuta kwahiyo linashindana na sabufa. Jiko la mkaa zamani lilikua katikati na madirisha yamefungwa, nesi ndo alikataa akasema hewa ya mkaa inaua mtu kalala, tangu hapo dirisha moja linabaki wazi, baridi inaingia lakini bora baridi.

Watoto hawaingii Jumamosi usiku. Nimeona kwa macho mama akimrudisha baba mtu mzima na mwanae wa kama miaka tisa na buku mbili mkononi, akamwambia "baba, mrudishe mtoto akalale, we uje." Hakuna mjadala. Kwingine wanachukua hela.

Chai ya maziwa ya tangawizi mia tatu, karanga mia mbili, zote nzuri.

Wanaanza saa mbili kamili usiku na ukichelewa unapata benchi la nyuma karibu na lile dirisha, kwahiyo wahi, beba shuka au blanketi, na kama una kazi ya mikono yoyote ile njoo, juzi tulikwama kwenye swali la ile ndoano ya nyama ya kwenye muvi kama inaweza kubeba mtu mzima kwa mgongo na mzee alisema anaenda kuipima kwa nguruwe wa kilo themanini, Jumamosi hii analeta majibu.