Uzoefu wangu: kurimapu Volkswagen Tiguan 2.0 TSI hapa Nairobi

Kurimapu ni kuiandika upya programu ya kompyuta ya injini ili itoe nguvu zaidi. Gari ni Tiguan ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 2012, iliyotoka Japani. Ina injini ya EA888 ya lita 2.0, turbo ya K03, giaboksi ya DSG (otomatiki yenye klachi mbili) ya gia 7 aina ya DQ500, na 4Motion, yaani inavuta magurudumu yote manne. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 179 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 280. Ulaya injini ya familia hiyo hiyo iliuzwa kwenye Tiguan ikiwa na farasi 200 na baadaye 210, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo kwenye programu. Ndiyo maana gari hili huitikia rimapu vizuri bila kubadilishiwa vyuma.

Hukumu yangu naiweka mapema: stej 1, yaani rimapu ya programu peke yake, inalifaa gari hili, na ningeilipia tena. Lakini thamani yake haimo kwenye faili linalopakiwa. Imo kwenye rekodi za injini zinazochukuliwa baadaye gari likiendeshwa, na kwenye fundi aliye tayari kulirekebisha faili mpaka rekodi zikae sawa. Faili la kwanza nililowekewa lilikuwa la Ulaya, limeandikwa kwa petroli ya oktani 98 na hewa ya usawa wa bahari. Lilikuwa na nguvu, na lilikuwa linaigongesha injini.

Kinachobadilishwa ndani ya kompyuta ya Bosch MED17.5 si kitu kimoja. Kuna jedwali la toki ambayo dereva anaiomba kwa mguu, kuna vizuizi vya toki kwa kila gia na kila mzunguko, kuna kiasi cha hewa na presha ya turbo, kuna taimingi ya kuwasha cheche, na kuna uwiano wa hewa na mafuta. Majedwali haya yanaangaliana. Ukipandisha presha ya turbo bila kugusa kizuizi cha toki, kompyuta inafunga throtoli na gari linabaki lilivyokuwa. Ukizima vizuizi vyote ili usisumbuke, injini inaitaarifu giaboksi toki isiyo ya kweli, DSG inabana klachi kwa presha ndogo kuliko inayohitajika, na klachi zinateleza. DQ500 yenyewe ina uwezo wa Nm 600, kwa hiyo Nm 350 za stej 1 haziisumbui. Kinachoiua ni taarifa ya uongo.

Kabla ya kuruhusu laptopu iunganishwe, gari likaguliwe. Sehemu hii ilinigharimu zaidi ya rimapu yenyewe na sioni namna ya kuikwepa, kwa sababu presha ikiongezeka kila udhaifu uliokuwa umejificha unatokea.

Cheni ya taimingi ndiyo ya kwanza. Injini za EA888 za miaka hii, hasa kabla ya 2013, zilikuwa na tenshina (kikaza cheni) yenye udhaifu: inaachia, cheni inaruka meno, valvu zinagonga pistoni. Kwenye kava ya chini kuna kidirisha chenye kifuniko. Fundi akiingiza kamera anaona kama ni tenshina ya zamani au iliyoboreshwa. Kwa VCDS (programu ya laptopu ya kupimia magari ya Volkswagen) soma pia nafasi ya kamshafti: ikikaa karibu na digrii 0 ni salama, ikikaribia 4 cheni imerefuka. Usirimapu gari lenye tenshina ya zamani, hata kama linawaka kimya.

Pili ni valvu ya PCV, ya kutoa mvuke wa oili, iliyo juu ya injini. Utando wake ukipasuka unasikia mluzi, na ukijaribu kufungua kifuniko cha oili injini ikiwaka bila kukanyagwa kinavutwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ukiiacha hivyo utaishia kubadilisha sili ya nyuma ya krankishafti, na hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi. Tatu ni valvu ya kuachilia presha iliyofungwa kwenye turbo. Nayo ina utando wa mpira unaopasuka, na dalili yake ni turbo kushindwa kufikisha presha, na msimbo P0299. Ni boliti 3 tu na kipuri cha bei nafuu. Nilibadilisha zote mbili kabla ya kazi kuanza.

Plagi ziwe mpya, na pengo lake lipimwe: mm 0.7. Presha inapoongezeka ndani ya silinda cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo, hivyo plagi iliyochoka au koili dhaifu ambayo haikuwahi kukusumbua itaanza kumisi pale unapokanyaga kwenye gia ya 3 au ya 4. Watu wengi hulaumu faili kwa hilo. Kaboni kwenye valvu za hewa nayo ni ya kuangaliwa, maana injini inayochoma mafuta moja kwa moja ndani ya silinda haina petroli ya kuziosha valvu hizo. Ikiwa gari limevuka kilomita 100,000 na halijawahi kusafishwa, manifoldi ishushwe na kila mlango usafishwe kwa mkono. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kufika huko.

Upakiaji wenyewe ni kazi fupi ikifanywa na mtu anayejua. Kwanza faili la kiwandani linasomwa na kuhifadhiwa. Omba nakala yako na uiweke mahali pawili. MED17 ina ulinzi, kwa hiyo kutegemea kifaa, ama inasomwa kupitia soketi ya OBD (ile ya kupimia gari), ama kompyuta inashushwa na kufunguliwa juu ya meza. Chaja ya kutuliza volti iwe imeunganishwa muda wote, volti zikae juu ya 13. Betri ikilegea katikati ya kuandika, kompyuta inabaki haina programu kamili na gari haliwaki. Muulize fundi kama kifaa chake ni halisi. Vile vya bandia vimejaa mjini, na huharibu ukaguzi wa jumla ya data au hukatika njiani. Akiona swali hilo ni tusi, tafuta mwingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha kazi nzuri na mbaya hapa kwetu: mwinuko na petroli.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Washa swichi bila kuwasha injini, usome presha ya hewa: utapata mbar 830 hivi, wakati Mombasa ungepata karibu 1,010. Faili la Ulaya nililowekewa lilikuwa linaomba mbar 2,200, ukijumlisha na hewa ya nje. Mombasa turbo ingehitaji kuibana hewa mara 2.2 hivi kufikia hapo. Nairobi ni mara 2.65, na ukipanda Limuru inazidi. K03 ni turbo ndogo. Kwa kiwango hicho inazunguka kasi kupita eneo lake la ufanisi, hewa inatoka moto, intakula (kipoza hewa) inalemewa, na faida ya presha inaliwa na joto. Programu ya kiwandani ina jedwali la kupunguza presha kadiri hewa ya nje inavyopungua, mahsusi kuilinda turbo. Kwenye faili langu la kwanza jedwali hilo lilikuwa limenyooshwa, lisipunguze kitu, ili gari lionekane kali.

Upande wa petroli, super ya kawaida nchini ina kiwango cha chini cha oktani 93. Gari hili Japani lilikuwa linatakiwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo kwao huanzia 96. Maana yake hata kabla ya rimapu injini ilikuwa inarudisha taimingi nyuma kidogo kujiokoa. Ukiongeza presha na kusogeza taimingi mbele juu ya petroli hiyo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati. Sensa ya kugonga husikia na kompyuta hurudisha cheche nyuma, lakini husikia baada ya mlipuko kutokea, na kugonga mara kwa mara chini ya mzigo ndiko kunakovunja kingo za pistoni.

Namna ya kulithibitisha ni rahisi. VCDS, gia ya 3 iliyofungwa kwa mkono, kutoka mizunguko 2,000 hadi 6,000 kwa dakika, mguu chini kabisa, kwenye barabara tupu yenye mlima kidogo, na mtu wa pili akishika laptopu. Rekodi bloki ya 020 inayoonyesha taimingi iliyorudishwa kwa kila silinda, 115 ya presha iliyoombwa na iliyopatikana, na 106 ya presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalogawia injekta). Kwa faili la kwanza silinda 3 zilikuwa zinarudishwa digrii 6 hadi 8. Digrii 1 hadi 3 za hapa na pale ni za kawaida. Zikizidi 6, tena silinda zote kwa pamoja, faili limekuwa kali kuliko mafuta yaliyomo tangini.

Marekebisho niliyoyataka, na fundi akayafanya bila malipo ya ziada, ni haya: presha ya kilele ishuke hadi mbar 2,000 karibu na mizunguko 3,000, kisha ilegee hadi 1,700 kuelekea 5,500, taimingi irudi digrii 3 kwenye eneo la toki kubwa, jedwali la mwinuko lirudishwe, na uwiano wa mafuta juu ya 4,500 ubaki kwenye lamda 0.85 (petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji) au chini yake kidogo. Petroli hiyo ya ziada ndiyo inayoipoza turbo na kichochezi cha ekzosi, kile cha kusafisha moshi. Fundi anayekuahidi nguvu nyingi pamoja na kupunguza mafuta kwenye mzigo kamili anaichoma injini yako. Baada ya hapo taimingi iliyorudishwa haikuzidi digrii 3 kwenye petroli ya daraja la juu ya hapa, na presha ya reli ilifuata ile iliyoombwa. Reli ikibaki nyuma kwa zaidi ya bar 10 au 15 juu ya mizunguko 5,000, angalia filta na pampu ya tangini kabla ya kuilaumu pampu ya presha kubwa.

Kuhusu dainomita, mashine ya kupima nguvu ya gari, tahadhari moja. Mashine nyingi huongeza matokeo kwa kanuni ya SAE ya kufidia hewa nyepesi. Kanuni hiyo inafaa injini isiyo na turbo. Kwa mwinuko wa Nairobi huongeza zaidi ya asilimia 20, ilhali turbo tayari imefidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Karatasi ya farasi 260 kutoka hapa isikudanganye. Omba namba isiyofidiwa, kabla na baada, siku moja, mashine moja. Tofauti kati yake ndiyo uliyonunua.

Barabarani, tofauti iko katikati, kati ya mizunguko 2,000 na 4,500. Kupanda Mai Mahiu kuelekea Rironi gari likiwa limejaa watu, mizigo na kiyoyozi kikiwaka, DSG haikimbilii tena gia ya 3 kila kona. Inakaa ya 4 au ya 5 na kuvuta. Kupita malori barabara ya Mombasa sehemu za njia mbili, muda unaokaa upande wa wanaokuja umepungua waziwazi, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutosha kwa gari la familia. Juu ya 5,500 hakuna jipya; turbo imeishiwa pumzi na gari lolote la K03 litakuwa hivyo. Kwenye foleni ya Waiyaki Way hutahisi kitu. Mafuta? Ukiendesha kwa utulivu ni yale yale. Ukiitumia nguvu, unailipia.

Nilikataa vitu viwili nilivyopewa kama zawadi. Milipuko ya ekzosi unapoachia mguu, kwa sababu hupatikana kwa kuchelewesha cheche ili petroli iwakie kwenye ekzosi, na inaunguza turbo na kichochezi. Na kuondoa kichochezi chenyewe, kwa sababu stej 1 haihitaji, na harufu inaingia ndani walikokaa watoto.

Si kila Tiguan ni ya kuguswa. Zile za kabla ya mabadiliko ya 2011 zina otomatiki ya Aisin ya gia 6. Hizo ningezipa toki ya kiasi na oili mpya ya giaboksi kwanza. Ile ya 1.4 TSI yenye turbo na supachaja pamoja ningeiacha kabisa, maana pistoni zake huvunjika kingo hata bila rimapu. Na 2.0 inayokula oili lita nzima kwa kila kilomita 1,000 ina tatizo la ringi, itengenezwe kwanza.

Matunzo yamebadilika hivi: oili ya 5W-40 yenye idhini ya VW 502.00, lita 4.6, kila kilomita 7,500. Oili ya DSG na ya Haldex (klachi ya magurudumu ya nyuma) kila kilomita 60,000 bila kuchelewa. Rekodi ya 020 narudia kila ninapobadilisha oili, na kila ninapolazimika kujaza petroli kituo nisichokizoea mguu hauendi chini mpaka tangi hilo liishe. Ukipeleka gari kwa wakala, waambie kompyuta isisasishwe programu, la sivyo faili lako litafutwa. Na bima waarifiwe kwa maandishi kwamba injini imebadilishwa nguvu, kabla hawajapata sababu ya kukataa dai.