Miezi mitano na pikipiki mpya ya safari ndefu: injini iliyokuwa ikizima ghafla

Niliisubiri pikipiki hii kwa muda mrefu, na nilipoipata nilijua ninachotaka kuifanyia. Ni ya safari ndefu kwelikweli: injini ya cc 1200, shafti badala ya mnyororo, masanduku mawili ubavuni na moja nyuma, kioo kirefu mbele. Uzito wake unapita kilo 250 kabla sijapakia hata shati. Mpaka leo nimeiendesha kilomita 9,400 katika miezi mitano. Ninaandika kwa sababu wiki sita za mwanzo zilinitesa, na najua yuko mwenzangu anayepitia hali hiyohiyo sasa hivi, ameikodolea macho pikipiki mpya kabisa na kujiuliza kama ameuziwa kimeo.

Ilianza kwenye kilomita 212. Nilikuwa nakaribia njia panda, gia ya pili, nimeachia mafuta, nikapita juu ya tuta dogo. Injini ikazima. Haikukohoa wala kupungua nguvu kwanza, ilinyamaza tu. Pikipiki nzito ikizimika ukiwa umeilaza kidogo kwenye kona ya polepole, uzito wote unakuja kwenye mguu mmoja. Niliishikilia mpaka paja likaanza kutetemeka, gari la nyuma linapiga honi. Nikabonyeza stata, ikawaka mara moja kama vile hakuna lililotokea.

Siku nne zikapita salama. Kisha ikazima tena kwenye kilomita 340, na asubuhi moja karibu na kilomita 371 ikazima mara mbili.

Nikaipeleka kwa muuzaji. Wakachomeka mashine ya kusoma hitilafu, haikukuta kitu. Fundi akaizungusha nusu saa, ikatembea vizuri. Karatasi niliyorudishiwa iliandikwa kwamba hitilafu haikuonekana. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzuri, hakunidharau, ila aliniambia, "Kaka, injini mpya huwa nzito mwanzoni. Itembeze kwanza izoee." Hilo sikulikubali, na ninamwomba yeyote anayesoma naye asilikubali. Injini mpya inaweza kuwa nzito, gia zinaweza kuingia kwa kishindo, breki zinaweza kulia mpaka pedi zikae sawa kwenye diski. Kuzima ukiwa barabarani ni jambo jingine kabisa, tena ni jambo la usalama.

Nilichokosea siku ile ni kwenda na maneno matupu. Nilisema "inazima zima hovyo", na fundi hana pa kuanzia akiambiwa hivyo. Nikatafuta kidaftari kidogo nikakiweka kwenye mfuko wa koti. Kila ikizima nilisimama pembeni nikaandika: kilomita ngapi, gia gani, mwendo gani, nimeshika klachi au la, injini ina joto kiasi gani, barabara ikoje, na dashibodi ilibaki inawaka au ilizima. Hicho cha mwisho niliongeza kwa kubahatisha tu, nacho ndicho kilichofumbua fumbo.

Baada ya kuandika mara tano niliona kitu. Mara tatu kati ya hizo, nilipowasha tena, saa ya kwenye dashibodi ilikuwa imerudi sifuri. Mara mbili saa haikuguswa, na taa zote zilikuwa zimebaki zinawaka wakati injini imekufa. Nilikaa kando ya barabara nikazisoma zile kurasa mbili mara kadhaa. Saa kurudi sifuri maana yake umeme wote ulikatika, kuanzia kwenye betri. Dashibodi kubaki hai maana yake umeme upo, lakini kuna kitu kimeiamuru injini isimame. Dalili ni moja, ila magonjwa ni mawili.

Jioni ile niliinua kiti. Nilianza na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7, na injini ikizunguka kwa kasi kiasi ikasoma 14.2. Betri nzima, chaji nzima. Nikashika vichwa vya betri kimoja kimoja. Cha upande chanya kilikuwa kimebana. Cha upande hasi kilizunguka chini ya kidole. Sikuhitaji spana, kwa kidole gumba na cha shahada niliizungusha bolti karibu robo ya mzunguko, na waya ulikuwa unacheza kushoto na kulia kama jino linalotaka kung'oka. Pale ulipogusana na betri palikuwa na kidoa cheusi kidogo cha cheche.

Kabla ya kukaza nilirekodi video, kidole changu kikizungusha ile bolti, na kilomita za kwenye dashibodi zikionekana. Ndipo nikakaza. Ukikaza kwanza, umeufuta ushahidi wako kwa mkono wako mwenyewe.

Nililazimika pia kuelewa kwa nini ilikuwa ikizimia kwenye mwendo mdogo tu. Ukiwa unakimbia, jenereta inatoa umeme wa kutosha, kwa hiyo mguso wa betri ukikatika kwa nukta moja injini inaweza kuendelea. Ukiachia mafuta na kupita kwenye tuta, jenereta imepungua nguvu na betri ndiyo inayobeba mzigo. Waya ukiruka hapo, kompyuta ya injini inakosa umeme na kila kitu kinazima. Na si kuzima tu kunakotisha: betri ikikatika wakati injini inazunguka, hakuna cha kuutuliza umeme wa jenereta, volti zinaruka juu na chini, na vifaa vya elektroniki vinaweza kuungua. Nashukuru vyangu vilipona.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: nani aliitoa hii pikipiki kwenye kasha? Pikipiki nyingi husafirishwa zikiwa kwenye makasha, hazijakamilika. Betri haijaungwa, usukani haujafungwa, kioo na vioo vya pembeni viko kwenye mfuko. Anayekamilisha ni fundi wa muuzaji, mara nyingi akiwa na haraka kwa sababu mteja yuko njiani. Wahandisi wana mchoro wanaoufananisha na beseni la kuogea: hitilafu zinakuwa nyingi mwanzoni, zinatulia kwa kipindi kirefu, halafu uchakavu unazipandisha tena. Kwangu mimi, ule ukingo wa mwanzo wa beseni ulitokana na mikono ya mwisho iliyoigusa pikipiki, si kiwandani. Injini yenyewe, gia na shafti havijanisumbua hata siku moja.

Nilirudi kwa muuzaji na video na kurasa zangu. Nilimtafuta meneja wa karakana, nikamwonyesha bila kupandisha sauti. Aliitazama video mara mbili, akamwita fundi mwingine, na wote wakakubali kwamba bolti haikukazwa tangu mwanzo. Wakapitia viunganishi vyote vikubwa, ethi ya fremu (waya unaounga upande hasi wa betri na fremu) na fyuzi kuu. Walifanya hivyo mbele yangu, na hapo nawapa haki yao.

Wao wakaona kazi imekwisha. Nikawaambia haijaisha, kwa sababu kidaftari kinasema mara mbili saa haikurudi sifuri. Nikaona wametazamana. Siwalaumu, mteja aliyekwisha kutengenezewa halafu anasema bado, anaonekana msumbufu. Lakini siku tatu baadaye, kilomita 655, ikazima tena nikiwa gia ya tatu, dashibodi inawaka kama kawaida. Safari hii nilijua la kufanya. Nilivuta klachi, nikaiacha ijiviringishe mpaka pembeni, nikaitoa gia na kubonyeza stata: ikawaka. Nikaacha izunguke, nikavuta klachi na kuingiza gia ya kwanza: ikafa. Nikaitoa gia, ikawaka tena.

Wanaozijua pikipiki hapa wameshatambua. Ni swichi ya stendi ya pembeni. Kazi yake ni kukuzuia usiondoke stendi ikiwa chini: stendi ikiwa imeshuka, injini itazunguka bila gia, na ukiingiza gia inakatwa. Ni kinga nzuri sana. Ila swichi au waya wake ukiwa na mguso mbaya, kompyuta inaamini stendi imeshuka wakati wewe uko barabarani imekunjwa vizuri. Ndiyo maana mashine yao haikukuta kosa lolote. Kwa kompyuta hakukuwa na kosa. Dereva kashusha stendi, injini imekatwa, mambo yako sawa.

Nikaipeleka na maelezo hayo. Fundi yuleyule wa kwanza aliinama, akaniambia niiwashe, nishike klachi, niingize gia. Akashika waya wa swichi kwa vidole na kuutikisa kidogo. Injini ikafa. Akarudia, ikafa tena. Akafuata waya mpaka kwenye soketi iliyofichwa nyuma ya kipande cha plastiki: ilikuwa imeingia nusu, klipu yake haijafunga. Aliisukuma kwa kidole gumba ikalia "tak". Akanitazama, akasema, "Samahani kaka, ulikuwa sahihi." Kwa kweli neno hilo liliniondolea uchungu mwingi. Akaulegeza na ule waya, maana ulikuwa umefungwa kwa kukazwa mno na ndio uliokuwa ukiivuta soketi.

Tangu siku hiyo haijazima tena.

Yalikuwepo mengine madogo. Asubuhi za baridi nilisikia harufu tamu ya maji ya rejeta na kuona tone la kijani chini ya mpira mmoja wa kupitishia maji hayo. Injini ikipata joto tone lilikauka na hakuna aliyeliona. Nilipiga picha alfajiri kabla ya kuwasha, wakakaza kibanio, basi. Yumbo la mwendo mkubwa nikiwa na masanduku yaliyojaa halikuwa ugonjwa wa pikipiki. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa chini ya uliotajwa kwenye kitabu, na shokomzoba ilikuwa imepangwa kwa dereva mmoja asiye na mzigo. Niliupima upepo matairi yakiwa baridi, nikajaza, nikaongeza mkazo wa springi, na yumbo likaisha. Kabla ya kulalamika kuhusu usukani au fremu, anza na hayo mawili.

Huduma ya kwanza ya kilomita 1,000 usiicheleweshe. Oili iliyotoka ilikuwa na mng'aro wa chembechembe za chuma kama unga, nikashtuka. Ni kawaida kwa injini mpya, ringi na gia zinasuguana mpaka zizoeane, na ndiyo sababu oili ile na filta hubadilishwa mapema. Vipande vinavyoshikika kwa kucha ndivyo vya kutisha.

Jambo moja ninalojipongeza: chaja ya simu na taa za ziada nilizonunua zilikaa ndani ya mfuko mpaka kila kitu kilipokwisha. Ningekuwa nimeshaunga waya wowote wa kwangu, kidole cha kwanza cha karakana kingeelekea huko, na nisingekuwa na cha kujitetea. Na kila nilipokwenda nilidai karatasi yenye tarehe na kilomita, hata pale walipoandika kwamba hawakuona kitu. Karatasi ile ya kwanza iliyonikasirisha ndiyo iliyoonyesha baadaye kwamba nililalamika tangu kilomita za mia tatu na kitu, ndani kabisa ya muda wa waranti.

Kuhusu pikipiki yenyewe, naipenda kwa dhati. Naweza kukaa juu yake saa sita na mgongo usiseme kitu. Injini inavuta kutoka chini bila kulazimishwa, hata nikiwa na abiria na masanduku yote. Shafti imenipumzisha na kazi ya kulainisha mnyororo kila jioni ya safari. Breki zinasimamisha uzito wote ule bila kunyanyua nyuma. Kioo cha mbele ndicho kinachonikera: kinaleta upepo wa kugongagonga kwenye kofia kikiwa katikati, na kinapiga kelele ya plastiki kuanzia kilomita 90 kwa saa. Muuzaji amekubali kwamba mpira mmoja wa kukishikilia haukuwekwa siku ya kuunganishwa. Aliagiza, ukaja wa upande wa kulia badala ya kushoto. Ameagiza tena.