HC-05 kwenye bodi ya ZS-040: kabla hujasema imeungua

HC-05 ni moduli kongwe ya mawasiliano bila waya, na ZS-040 ni bodi ndogo inayoibeba. Bluetooth yake ni ya toleo la 2.0, haielewani na iPhone hata ukiibembeleza, na mara nyingi huja bila karatasi yoyote ya maelezo. Pamoja na hayo, kwa anayetaka kuondoa waya kati ya Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) na simu ya Android au kompyuta, ni vigumu kupata kitu chepesi zaidi: ulichotuma upande huu kinatokea upande wa pili kama kilivyo, na bodi yako haihitaji maktaba yoyote ya Bluetooth. Lawama nyingi inazobebeshwa si zake. Yake hasa ni moja: haikuambii iko katika hali gani. Imepewa taa moja tu, na asiyejua kuisoma ataitupa moduli nzima.

Taa ikimetameta harakaharaka, moduli inasubiri kuunganishwa. Ikipepesa mara mbili kisha ikatulia, imeshaunganishwa. Ikiwaka kama sekunde mbili na kuzima kama sekunde mbili, uko kwenye hali ya amri za AT, yaani amri za kuibadilishia moduli mipangilio, na hapo hakuna simu itakayoiona. Watu wengi wanaolalamika kwamba moduli haionekani kwenye simu wameiacha humo.

Kuingia hali hiyo kunataka mpangilio. Chomoa VCC (waya wa umeme), bonyeza kitufe kidogo kilicho juu ya bodi, rudisha VCC huku umeshikilia, kisha achia. Sasa moduli inasikiliza kwa kasi ya biti 38400 kwa sekunde, hata kama kazi za kawaida inazifanya kwa 9600. Ukibonyeza kitufe baada ya umeme kuwashwa, unapata hali ya AT ya nusunusu: taa inaendelea kumetameta haraka, kasi inabaki ileile ya kawaida, na baadhi ya amri, kwa mfano AT+NAME?, hazijibiwi mpaka kitufe kiwe kimebonyezwa. Huu ndio ubunifu mbaya kuliko yote kwenye bodi hii. Hali mbili zinafunguliwa na kitufe kimoja, na kinachozitofautisha ni wakati wa kukibonyeza.

Kuna kasi mbili zinazochanganywa kila siku. Programu ya daraja, inayopitisha herufi kati ya kompyuta na moduli, kwenye bodi ya Arduino Uno huwa na mstari wa Serial.begin(9600) na mwingine wa bt.begin(38400). Wa kwanza ni wa kompyuta, nao ndio unaopaswa kulingana na Serial Monitor, dirisha la programu ya Arduino la kuandikia na kusomea herufi. Wa pili ni wa moduli. Kwenye Serial Monitor chagua pia "Both NL & CR", maana HC-05 haihesabu amri kuwa imekwisha mpaka ipate herufi zote mbili za mwisho wa mstari. Andika AT. Ukipata OK, umefika. Ukipata ERROR:(0) mara ya kwanza, usihuzunike: kwa kawaida ni takataka zilizobaki kwenye bafa (hifadhi ndogo ya muda ya data), na ukituma tena unajibiwa. Jibu la kosa ni habari njema, kwa kuwa nyaya na kasi viko sawa. Herufi za ajabuajabu maana yake kasi hazilingani. Kimya kitupu ni waya, hali isiyo sahihi, au mwisho wa mstari.

Kwenye nyaya, TXD ya moduli (inayotuma) huenda kwenye pini ya kupokea ya Arduino, na RXD (inayopokea) kwenye pini ya kutuma. GND (upande hasi wa umeme) lazima iwe ya pamoja. Anayewasha moduli kwa betri yake na kusahau hilo atapata herufi zinazokuja na kupotea zinavyotaka. Chini ya bodi pameandikwa kwamba umeme ni 3.6V hadi 6V, na wengi huishia kusoma hapo. Maandishi ya LEVEL 3.3V yaliyo karibu yanahusu RXD na TXD. VCC inavumilia 5V kwa sababu ina kidhibiti chake cha volti, RXD haina.

Kwa hiyo weka kigawanya volti: rezista ya 1k kutoka pini ya kutuma ya Uno hadi RXD, na ya 2k kutoka RXD hadi GND. Unapata 3.33V. Kama huna 2k, unganisha mbili za 1k kwa mfuatano. Kosa la kawaida ni kuzigeuza. Hapo RXD inapata 1.67V, ambayo moduli haiwezi kuitambua kama ishara ya juu, yaani 1. Dalili yake ni ya upande mmoja: unachoandika kwenye simu kinafika Arduino, lakini Arduino ikijibu, simu haioni kitu. Ukikutana na hali hiyo, pima volti kwenye RXD wakati hakuna kinachotumwa, kwani laini ya seriali ikipumzika hukaa juu. Multimita ikisoma 3.3V, tafuta tatizo kwingine. Njia ya kurudi haihitaji kigawanya: ATmega328P, chipu kuu ya Uno, ikiwa kwenye 5V huhesabu 3.0V na kuendelea kuwa juu, na TXD inatoa 3.3V. Inapita, ingawa kwa nafasi ndogo.

Pini 0 na 1 za Uno ziache kama unaweza. Zinashirikiwa na chipu ya USB, na ukipakia programu huku moduli imechomekwa hapo, avrdude, programu inayofanya upakiaji, italalamika "not in sync". Ukilazimika kuzitumia, chomoa TXD ya moduli kabla ya kupakia. Bodi ya Leonardo ina mtego mwingine: Serial ni USB peke yake, na pini 0 na 1 zinaitwa Serial1.

Wengi hukimbilia SoftwareSerial, maktaba inayofanya pini za kawaida kuwa za seriali, na kwa 9600 inafanya kazi vizuri. Lakini ijue mipaka yake. Haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na bafa yake ni baiti 64. Kwa 9600 kila baiti huchukua takriban milisekunde moja, kwa hiyo delay(100) moja inatosha kujaza bafa na kumwaga kinachozidi, iwapo simu inatuma mfululizo. Ukanda wa taa za NeoPixel ni mbaya zaidi: kila taa huzima interapti (ishara zinazoiambia chipu kwamba data imefika) kwa mikrosekunde 30 hivi, kwa hiyo taa 60 ni karibu milisekunde 2 za uziwi, na baiti moja au mbili zinapotea katikati ya ujumbe. Kwenye bodi ya Mega usiitumie SoftwareSerial kabisa, maana pini 2 na 3 zinazopendwa kwenye mifano hazipokei kwa SoftwareSerial pale, na Serial1, Serial2 na Serial3 zipo bure.

Kishawishi cha AT+UART=115200,0,0 kikatae kwenye Uno. Saa yake ya 16MHz haigawanyiki vizuri kufika huko. Kasi halisi inakuwa 117647, kosa la asilimia 2.1, na SoftwareSerial ndiyo kabisa haiwezi kupokea kwa uhakika. Kwa 38400 kosa ni asilimia 0.2 tu. Na kumbuka kwamba kasi hii ni ya waya kati ya moduli na bodi yake. Hewani haipo. Kasi unayochagua kwenye mlango wa COM wa Bluetooth wa kompyuta haibadilishi kitu, na HC-05 mbili zinazozungumza zinaweza moja kuwa 9600 na nyingine 38400.

Jaribio la kumaliza ubishi halihitaji Arduino kuwa na programu yoyote. Ondoa nyaya za data, unganisha TXD na RXD za moduli moja kwa moja, oanisha na simu kwa 1234 au 0000, kisha tuma neno. Likirudi kama lilivyo, moduli ni nzima na kosa liko kwenye bodi, nyaya au programu yako.

Kuunganisha HC-05 mbili ndiko inakoizidi moduli ya HC-06, ambayo ni mfuasi tu, yaani husubiri kuunganishwa na mkuu. Kwa mfuasi uliza AT+ADDR?; kwa mkuu andika AT+ROLE=1, AT+CMODE=0, kisha AT+BIND= na anwani, ukibadilisha nukta pacha kuwa koma: 1234:56:abcdef inakuwa 1234,56,abcdef. Sifuri za mbele humezwa kwenye jibu, hivyo anwani fupi isikutishe. AT+PSWD ziwe sawa pande zote mbili; baadhi ya matoleo hutaka namba hiyo ndani ya alama za nukuu na hurudisha kosa bila hizo.

Nani ainunue? Anayejifunza mawasiliano ya seriali, na mwenye gari la kuchezea au kipima joto kinachosomwa kwa Android. Mwenye iPhone atafute moduli ya BLE (Bluetooth inayotumia umeme kidogo) kama HM-10, na anayetegemea betri ndogo afanye hivyo pia. Wakati wa kuchagua usidanganywe na maandishi ya ZS-040, kwani bodi hiyohiyo hubeba HC-06. Tazama kitufe na pini sita, kisha ukiiwasha uliza AT+ROLE?. HC-05 halisi itakujibu 0 au 1.