Masomo 12 kuhusu wahamaji wa nyika: ya kutazama na ya kuruka

Kozi hii ya video yenye masomo 12, kila moja likichukua kama dakika 40, inaahidi kumpitisha mtazamaji katika historia ya wafugaji wa kuhamahama wa nyika za Ulaya na Asia, tangu farasi alipofugwa hadi dola ya Waxiongnu, wahamaji wa kaskazini mwa Uchina, ilipoitikisa nchi hiyo. Nimeitazama yote, masomo mawili nikiyarudia kwa hiari yangu, na nimeona kwamba hapa pameshonwa pamoja kozi mbili zisizolingana. Moja inafuata vitu vilivyofukuliwa ardhini, na hiyo ni nzuri kweli. Nyingine inafuata maneno ya majirani waliowaogopa wahamaji, na ndiyo inayochosha.

Mwanzo wenyewe ni dhaifu. Somo la kwanza linatupeleka Botai, kaskazini mwa Kazakhstan, ambako watu waliishi kwa kutegemea farasi takriban mwaka 3500 KK, kisha linatuambia kwamba farasi wote wa leo wametoka huko. Kauli hiyo ilikwisha kupitwa na wakati. Mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba farasi wa Botai ni mababu wa farasi wa Przewalski, yaani farasi wa mwituni wa Mongolia, na mwaka 2021 uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba farasi tunaowajua sisi walitokea eneo la chini la mito Volga na Don, nchini Urusi, na kuenea kwa kasi kuanzia takriban mwaka 2000 KK. Kozi inayouzwa leo haina udhuru wa kutoyajua hayo.

Somo la nne, linalohusu makaburi ya Pazyryk katika milima ya Altai, lingetosha peke yake kuwa sababu ya kulipia kozi nzima. Mwalimu anaanza na fumbo: kwa nini sufu, ngozi, mbao na hata miili ya watu vilidumu zaidi ya miaka 2,000 mahali pale, wakati kwingineko nyikani hubaki chuma na mifupa tu? Anajibu hatua kwa hatua, bila haraka. Chumba cha magogo kilichimbiwa chini sana, juu yake yakarundikwa mawe yaliyozuia joto la kiangazi, na wezi wa kale waliotoboa kaburi wakaacha njia ya maji kuingia; maji yakaganda, na barafu haikuyeyuka tena hadi mwanaakiolojia Sergei Rudenko alipofika na wafukuaji wake miaka ya 1947 hadi 1949. Kwa hiyo wezi walichukua dhahabu na kutuachia, bila kukusudia, kila kitu kingine.

Kisha kamera inasogea karibu na zulia la kaburi la tano, lililopatikana mwaka 1949 na ambalo sasa limo katika makumbusho ya Hermitage mjini Saint Petersburg. Lina ukubwa wa takriban sentimita 183 kwa 200, na mafundo yake yanakadiriwa kuwa 3,600 katika kila desimita mraba, jambo linalofanya jumla yake kupita milioni moja. Pembezoni kuna safu ya kulungu wanaokwenda upande mmoja, na nyingine ya wapanda farasi wanaokwenda upande wa pili. Baadhi yao wako juu ya farasi, wengine wanatembea kando yake. Mkia wa kila farasi umefungwa fundo. Nililisimamisha somo hapo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Sifa moja zaidi kwa mwalimu: anasema wazi kwamba wataalamu hawajakubaliana kuhusu mahali zulia hilo lilipofumwa, na halazimishi jibu.

Katika somo hilohilo anafanya kazi ambayo masomo mengine yangepaswa kuiiga, yaani kupima maandishi kwa kitu kinachoshikika. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika katika karne ya 5 KK kwamba Waskithia, wahamaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, baada ya mazishi walisimamisha miti, wakaifunika kwa vitambaa vya sufu, kisha wakatupa mbegu za bangi juu ya mawe ya moto na kujifukiza. Katika kaburi la pili la Pazyryk, maelfu ya kilomita kutoka mahali alipowasikia Waskithia wake, zilipatikana fito sita, chombo cha shaba chenye mawe, na mbegu za bangi zilizoungua.

Hapa sina budi kulalamikia manukuu ya Kiswahili, ambayo bila shaka yaliandikwa na mashine na hayakupitiwa na mtu. Felti, yaani kitambaa cha sufu kisichofumwa bali kilicholoweshwa na kushindiliwa mpaka nyuzi zikashikana, ndiyo iliyokuwa nyumba, zulia, tandiko na kofia ya wahamaji hawa. Jina lake la Kiingereza, felt, linafanana na kitenzi cha kuhisi. Matokeo yake, dakika nzima mwalimu anaeleza uzuri wa bata-maji wa felti waliotoka kaburi la tano huku maandishi chini yakisoma "bata waliohisiwa". Mwanzoni nilicheka, lakini somo la sita, linaloeleza kwa kina kazi ya sufu na maziwa, linakaribia kutoeleweka kwa asiyejua lugha ya mwalimu.

Masomo ya saba hadi ya tisa ni vita, na ubora unashuka ghafla. Tunaoneshwa mafuvu yaliyogeuzwa vikombe, tunarudishiwa mafuvu hayohayo, kisha tunaambiwa kwamba Dario wa Kwanza wa Uajemi alishindwa takriban mwaka 513 KK kwa sababu ya "ukali" wa Waskithia. Herodotus mwenyewe ana maelezo yenye akili zaidi. Mfalme wa Waskithia, Idanthyrsus, alimjibu Dario kwamba hawakimbii, bali wanaishi kama wanavyoishi siku zote. Hawana miji wala mashamba ya kuhofia kupoteza, na kama anataka vita ayatafute makaburi ya baba zao. Jibu hilo lingeunganisha makaburi ya somo la nne na vita vya somo la saba, lakini halitajwi. Badala yake linarudiwa neno la ushenzi, ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tumelirithi pia: katika Biblia ya Union, Wakolosai 3:11, mahali Kigiriki kinapomtaja Mskithia, sisi tumeandikiwa "Mshenzi".

Somo la kumi, juu ya mavazi ya dhahabu ya Issyk yaliyofukuliwa mwaka 1969 karibu na Almaty, ni la kupendeza macho na halina zaidi ya hapo. Masomo mawili ya mwisho yanainuka tena. Yanaeleza jinsi kiongozi wao Modu alivyowaunganisha Waxiongnu kuanzia mwaka 209 KK, akamzingira Gaozu, mfalme wa Uchina wa nasaba ya Han, huko Baideng mwaka 200 KK, kisha ukafuata mkataba wa kupeleka kwa Waxiongnu hariri, nafaka na binti wa ukoo wa kifalme. Ramani, kwa bahati mbaya, ni ndogo mno kusomeka kwenye simu.

Anayeinunua aanze na somo la nne, afuatishe la sita manukuu yakiwa yamezimwa ikiwa anaelewa lugha ya mwalimu, kisha amalizie la kumi na moja na la kumi na mbili. La kwanza alitazame tu baada ya kusoma habari za uchunguzi wa 2018 na 2021.